Kidole Si Kazi

Mwaka jana niliitwa mwizi kwa sababu ya kitufe kimoja. Kitufe chenyewe ni F8, kipo safu ya juu kabisa ya kibodi, na watu wengi humaliza chuo bila kukigusa. Mimi nilikuwa nakigusa mara kadhaa kila saa. Naandika kueleza kwa nini nitaendelea kukigusa, na kwa nini naamini aliyeniita mwizi alikuwa ananidai kitu ambacho si chake.

Nasoma shahada ya uzamili hapa Morogoro na nimepanga chumba Mzinga, upande ambao ukifungua mlango asubuhi unaikuta milima ya Uluguru imekusimamia hata hujapiga mswaki. Sina mfadhili. Kama wenzangu wengi wasio na mfadhili, naishi kwa vibarua vya kuingiza data. Mradi unatuma wadadisi vijijini, wadadisi wanarudi na maboksi ya madodoso, na sisi tunakaa mbele ya kompyuta kuhamisha yaliyo kwenye karatasi. Siku hizi tafiti nyingi zinatumia vishikwambi, lakini karatasi haijafa. Ukitaka kuamini, tembelea ofisi yoyote ya utafiti uone maboksi yalivyopangwa hadi dirishani.

Kibarua ninachokisema kilikuwa cha madodoso 1,900. Wakulima wa milimani na wa mabondeni walikuwa wameulizwa wanalima nini, wanalima wapi, na shamba liko umbali gani na kijito. Si maswali ya mzaha. Mto Mzinga unashuka kutoka Uluguru na kuingia bwawa la Mindu, na maji ya Mindu ndiyo sehemu kubwa ya mji huu inayokunywa. Siku moja mtu mwenye tai atasimama mbele ya jedwali lililotokana na karatasi kama zile, aamue nani ahame kando ya kijito na nani abaki. Jedwali hilo litakuwa limepita mikononi mwa vibarua wanne waliokuwa wanalipwa shilingi 700 kwa dodoso.

Kila dodoso lilikuwa na maswali 58. Lakini kabla ya swali la kwanza kulikuwa na visanduku 11: mkoa, wilaya, tarafa, kata, kijiji, kitongoji, jina la mdadisi, namba yake, tarehe, msimu, lugha iliyotumika. Madodoso yalifungwa kwa mabunda, na ndani ya bunda moja vile visanduku 11 vilikuwa sawasawa kuanzia karatasi ya juu hadi ya mwisho. Fomu ya kwenye kompyuta haikujali. Ukihifadhi dodoso moja, inasahau kila kitu, inakuletea ukurasa mtupu, nawe unaanza tena: M, o, r, o, g, o, r, o.

Siku ya tatu kiganja changu kilianza kuuma. Aliyekaa pembeni yangu alikuwa dada mmoja mwenye mapacha, ambaye kabla ya hapo alikuwa akichapa tasnifu za watu kwenye duka la steshonari kwa miaka kadhaa. Yeye alikuja kazini na kipande cha kanga amejifunga kwenye kifundo cha mkono. Aliniona ninavyojikanda akacheka. "Mdogo wangu, mkono ukianza kuwaka moto usiku, ujue umeshaajiriwa."

Usiku ule, umeme uliporudi, nilipakua AutoHotkey. Ni programu ndogo ya Windows, ya bure, iliyotoka mwaka 2003, na kazi yake ni kubonyeza vitufe kwa niaba yako. Huhitaji kuwa mhandisi. Unafungua faili la maandishi ya kawaida, unaandika kwamba nikibonyeza F8 basi andika "Morogoro", ruka kisanduku kinachofuata, andika jina la wilaya, ruka tena, endelea hivyo hadi visanduku 11 viishe. Unahifadhi faili, unalibofya mara mbili, na herufi H ya kijani inakaa kwenye kona ya skrini karibu na saa. Inaweza pia kupanua vifupisho: ukiandika "mhm" inageuka "mahindi, maharage, migomba" kabla hujanyanyua kidole. Faili langu lote lilikuwa na mistari 40, na nilikuwa nimelimaliza saa saba usiku.

Kesho yake dodoso lililokuwa likinichukua dakika 12 lilinichukua dakika saba na nusu. Saa moja iliyokuwa na madodoso matano sasa ilikuwa na manane. Mchana niliweka faili kwenye flashi na kuwapa wenzangu wote watatu. Dada wa mapacha alibonyeza F8, akaangalia visanduku vinavyojijaza vyenyewe kama mtu anayetazama sufuria inayojiosha, kisha akafungua ile kanga mkononi akaitia kwenye pochi.

Msimamizi alitugundua siku mbili baadaye, kwa sababu tulikuwa tumemaliza maboksi mapema kuliko ratiba yake. Alisimama nyuma ya kiti changu akaangalia.

"Binti, hii kompyuta inakufanyia kazi. Sasa tukulipe wewe au tuilipe kompyuta?"

"Bosi, lakini madodoso yanaingia, na yanaingia vizuri kuliko mwanzo."

"Unalipwa kuchapa. Usipochapa na ukachukua hela, huo unaitwa wizi."

Hapo ndipo ninapotaka tusimame, kwa sababu huyu bwana hakuwa mtu mbaya na wala hakuwa peke yake. Alisema kitu ambacho wengi wetu tumefundishwa tangu shule ya msingi: kazi ni jasho. Mwanafunzi anayeinama juu ya daftari anasifiwa hata kama ananakili asichokielewa. Karani mwenye mafaili mengi mezani anaonekana mchapakazi kuliko yule ambaye meza yake ni safi kwa sababu amemaliza. Tunalipa kuinama.

Wazee wetu hawakuwa wakifikiri hivyo siku zote, hata wale tunaopenda kuwataja tunapohubiri bidii. Azimio la Arusha la Februari 1967 linakumbukwa kwa kusisitiza kazi, na ni kweli linasisitiza. Lakini lina mambo mawili pale, juhudi na maarifa, na watu hulisoma la kwanza wakafunga kitabu. Kwenye maarifa mfano wake ni jembe: kutumia jembe kubwa badala ya dogo, kutumia plau ya kukokotwa na ng'ombe badala ya jembe la mkono. Hakuna mahali linapomwita mwenye plau mwizi kwa sababu ng'ombe ndiye aliyevuta. F8 ni plau yangu. Imekokota visanduku 11 ili mimi nishughulike na maswali 58.

Na kama Azimio liko mbali, milima iko karibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko hii ninayoiona mlangoni. Lengo lilikuwa jema kwenye karatasi, kuzuia udongo usiteremke. Lakini kilichopimwa kilikuwa uchimbaji wenyewe, siku ulizofanya kazi na urefu wa tuta ulilotoa. Kwenye mashamba mengi udongo wenye rutuba ulifunikwa chini, udongo usiofaa ukaja juu, na mahindi yakakataa. Mkulima alikuwa anachimba njaa yake mwenyewe, na akisita anaambiwa ni mvivu. Mwaka 1955 watu walikataa hadharani, ghasia zikatokea upande wa Matombo, na mpango ukaachwa. Tunawakumbuka leo kama sehemu ya harakati za uhuru, na ni haki yao. Mimi nawakumbuka pia kama watu waliokataa kuhesabiwa jasho ambalo halikuota kitu.

Anayehesabu jasho ataletewa jasho, hata la bandia. Mwaka 2024 benki ya Wells Fargo ya Marekani iliwafukuza wafanyakazi zaidi ya kumi kwa madai kwamba waliigiza shughuli ya kibodi ili waonekane wako kazini. Wengi walicheka, na mimi nilicheka. Kisha nikajiuliza ni ofisi ya namna gani ambayo mtu akiwa anafikiri kwa dakika tano bila kugusa kibodi anaonekana hayupo. Siwatetei waliodanganya. Kati ya kitufe kinachojaza fomu na kitufe kinachojaza muda kuna tofauti kubwa: cha kwanza kinamaliza kazi, cha pili kinaficha kwamba hakuna kazi. Lakini aliyeamua kwamba mlio wa kibodi ndio kipimo cha mtu ndiye aliyefungua mlango huo.

Turudi ofisini. Msimamizi alituita wezi siku ya Jumanne. Ijumaa alikuwa amepiga hesabu, na wizi ukageuka ubunifu. Alitushukuru. Kisha akasema kwa kuwa kazi sasa ni rahisi, malipo yatakuwa shilingi 400 kwa dodoso, na wawili wanatosha. Dada wa mapacha alikuwa mmoja wa walioondoka. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mdogo wangu, ungetuacha na mikono yetu iume," akabeba pochi yake akatoka.

Naomba msomaji apige hesabu nami, kwa sababu ndani ya hesabu hii ndimo wizi ulimo. Mwanzo, madodoso matano kwa saa kwa shilingi 700 ni shilingi 3,500. Baada ya kitufe, manane kwa 700 ni 5,600. Baada ya ubunifu wangu kupongezwa, manane kwa 400 ni 3,200. Nilikuwa naingiza madodoso mengi zaidi kuliko siku ya kwanza na napata kidogo kuliko siku ya kwanza. Usiku ule wa kuandika mistari 40 haukulipwa na mtu. Umeme ulikuwa wa luku yangu. Bando lilikuwa langu. Muda niliouokoa ulibebwa mzima mzima, na pamoja nao wakabeba riziki za watu wawili.

Najua jibu la mwanauchumi, maana nasoma nao: ndivyo teknolojia inavyofanya kazi, bei hushuka. Hapana. Teknolojia ilishusha dakika. Bei ilishushwa na mtu, Ijumaa mchana, akiwa ameshika kalamu. Mambo haya mawili yanapotajwa kwa sentensi moja, aliyeshika kalamu anapotea machoni petu. Bajeti ya kuingiza madodoso 1,900 ilikuwa imeshapangwa na haikupungua kwa sababu mimi nilibonyeza F8.

Ningeishia hapo makala hii ingekuwa tamu, nami ningekuwa shujaa. Lakini kuna mambo mawili sitakuwa mkweli nikiyaruka.

La kwanza ni kosa langu. Wiki ya pili nilimaliza bunda la kijiji kimoja cha bondeni, nikafungua bunda la kijiji cha mlimani, nikasahau kubadilisha mistari kwenye faili. F8 haijui kusoma bunda. Ilijaza jina la kijiji kilekile kwa utiifu, dodoso baada ya dodoso, hadi la 37. Ningekosea kwa mkono ningekosea moja moja. Kwa mashine nilikosea 37 kwa mpigo.

Nilijuaje? Dodoso la 37 lilikuwa la mkulima anayevuna karafuu na pilipili manga, nami nilikuwa nimemweka kwenye kijiji cha mpunga. Nikashtuka, nikarudi nyuma, nikarekebisha yote. Nilishtuka kwa sababu nilikuwa nasoma. Siku tatu za mwanzo, nilipokuwa nachapa kila herufi, sikuwa nasoma chochote; macho yalikuwa yanabeba herufi kupeleka vidoleni, basi. Ukitaka ushahidi wa kuchapa kwa mkono, tulipokagua kazi ya siku hizo tatu tulikuta "Morogoro", "Morogro", "Mrogoro", "Moro", na "Morogoro" yenye nafasi tupu mwishoni, ambayo jicho halioni lakini kompyuta inaihesabu kuwa mkoa mwingine. Mkoa mmoja ulikuwa umezaa mitano.

La pili ni zito zaidi. Swali la 58, la mwisho kabisa, lilikuwa: "Una jambo lingine ungependa kusema?" Wakulima wengi walijibu hapana. Baada ya malipo kushushwa tulibaki wawili, mimi na kijana mmoja aliyekuwa anadaiwa kodi ya miezi mitatu. Nilikuwa nimemfundisha kutumia programu vizuri, na alikuwa mwepesi. Akajiwekea F9, ambayo ilijaza swali la 58 kwa neno "Hapana" na kuhifadhi dodoso papo hapo. Kwa shilingi 400, sekunde 20 za kusoma mwandiko wa mdadisi ni sekunde nyingi.

Niligundua kwa bahati, nikilinganisha karatasi na skrini. Kwenye karatasi, kwa mwandiko wa haraka wa mdadisi, mama mmoja wa miaka 61 alikuwa amesema: mwaka jana mlikuja mkauliza haya haya, majibu mmeyapeleka wapi? Kwenye skrini, mama huyo alikuwa amesema "Hapana".

Nilikaa nikaangalia lile neno. Mwanamke ametembea kutoka shambani, amekaa na mgeni saa nzima, amejibu ana kuku wangapi, na mwisho wa yote ameuliza swali moja lililo lake. Nasi tumemjibia. Siwezi kumtupia yule kijana mawe. Kitufe nilimfundisha mimi. Tulirudi nyuma pamoja, madodoso 212, tukakuta 29 yenye maneno ya watu yaliyofunikwa na "Hapana". Tuliyaingiza upya. Hatukulipwa, na hatukumwambia msimamizi, kwa sababu tulijua angesema nini: ndiyo maana nilikataza.

Angekosea tena. Kukataza F8 kusingemwokoa yule mama. Mtu aliyechoka, mwenye kiganja kinachowaka, anayelipwa kwa wingi wa karatasi, anaruka swali la 58 hata kwa mikono yake mitupu. Anaandika "hpn" na kuendelea. Anayeua sauti ya mkulima ni yule bei inayolipia idadi ya karatasi na kulichukulia jicho linalosoma kuwa la bure. Mashine inaonyesha tu kwa haraka kile ambacho bei ilikuwa imekwisha kukiamua.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kila kitu kinachojirudia bila kubadilika, mashine ikibonyeze, na asiwepo wa kumwita mtu mvivu kwa hilo. Kila kitu ambacho mtu amesema kwa kinywa chake, mtu akisome na mtu akiandike. Na muda unaopatikana katikati ni wa yule aliyeupata. Ofisi ikiutaka, iununue kwa bei ya saa, si kwa kushusha bei ya karatasi. Ningelipwa kwa saa nisingekuwa na sababu ya kukimbia. Dada wa mapacha angebaki, tungekuwa wanne wenye viganja vizima, na tungekagua kila bunda mara mbili. Kwa bajeti ileile.

Kwako wewe unayesoma hili ukiwa na tasnifu ya kumaliza na kibarua cha kuingiza data: jifunze hiki kidude. Ni jioni moja tu. Lakini kabla ya kumwonyesha anayekulipa, muulize analipia nini, na wewe na wenzako mkubaliane bei mapema. Mimi sikufanya hivyo. Nilifurahia ujanja wangu, nikausambaza kwa flashi, na walioulipia hawakuwa na sauti kwenye mazungumzo ya Ijumaa.

Dada wa mapacha nilimtafuta. Amerudi kuchapa tasnifu za watu, na kanga imerudi mkononi. Nilimpelekea laptopu yangu Jumapili moja tukaandika faili lake jipya: ukurasa wa jalada, kurasa za tamko na shukrani ambazo kila mwanafunzi huzileta zikiwa vilevile, vichwa vya sura. Bei anapanga mwenyewe kwa ukurasa, na wateja hawajui, wala hawahitaji kujua, ni vitufe vingapi amebonyeza. Mwenye duka hajaambiwa.

Faili la mistari 40 bado ninalo, na kila anayeliomba nampa. Nimeongeza mistari miwili juu kabisa, yenye nukta mkato mwanzoni, ambayo programu hairuhusiwi kuisoma. Ni ya kusomwa na mtu tu. Wa kwanza unasema: badilisha jina la kijiji kila ukifungua bunda jipya. Wa pili unasema: swali la mwisho usiliwekee kitufe.